SOMO LA AFYA KAZINI: UGONJWA WA INI AINA YA C UNAPONA



Katika matawi yetu ya Kampala wamo wafagiaji, wafuaji nguo na wazoa taka wa hospitali. Wengine wamechomwa na sindano zilizotupwa ovyo, wakaambiwa wafunge kidonda na kuendelea na kazi. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, tumeandaa somo hili.

1. Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu huletwa na kirusi kilichotambuliwa mwaka 1989. Hupita katika damu: kwa sindano iliyokwisha kutumika, kwa wembe wa kuazimana, au kwa damu ya kuongezewa isiyopimwa. Kula pamoja au kushikana mikono hakuambukizi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 20 bila kusikia maumivu, huku ini lake linaharibika. Akija kujua, pengine tumbo limekwisha kujaa maji. Aina ya C haina chanjo. Chanjo iliyopo ni ya aina ya B, na kila anayegusa damu kazini aipate.

2. Dawa

Dawa za zamani zilikuwa sindano za miezi mingi, zilizomtesa mgonjwa, na wengi hawakupona. Tangu mwaka 2013 kuna vidonge vipya. Mgonjwa humeza kila siku, kwa kawaida wiki 12, na katika wagonjwa 100 zaidi ya 95 hupona. Mwanzoni kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000 huko Marekani! Viwanda vingine viliporuhusiwa kutengeneza dawa hiyo, bei ilianguka. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nchi maskini zaweza kununua dawa ya wiki 12 kwa dola 60. Ndugu, bei ya dawa hupatanwa, kama mishahara inavyopatanwa.

3. Mfano wa Misri

Misri iliumia kuliko nchi nyingi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 watu walichomwa dawa ya kichocho kwa sindano zilizorudiwa, na kirusi kikaenea vijijini. Mwaka 2018 serikali ilianza kupima watu bure. Katika miezi 7 walipimwa zaidi ya milioni 49, na waliokutwa wagonjwa wakatibiwa bure. Jirani zetu Rwanda nao walitangaza mpango wa miaka 5 Desemba 2018. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa huu uache kuwa tishio ifikapo 2030.

Funzo ni hili: dawa haimfikii mtu asiyejua kwamba anaumwa. Kupima ndiko mwanzo.

4. Wajibu wetu

(a) Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, utoe taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, na upimwe. Rudi kupimwa tena baada ya miezi michache, kwani kirusi hakionekani siku ya kwanza.

(b) Tawi lidai glavu nene, viatu vya kufunika mguu na masanduku magumu ya sindano. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo.

(c) Aliyeumia kazini adai haki yake chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000.

(d) Upimaji wa ini uandikwe katika mkataba wa pamoja, na atakayekutwa mgonjwa asifukuzwe.

Maswali ya kujadili tawini

Je, mahali penu sindano hutupwa wapi? Nani huzibeba? Akichomwa leo, ataripoti kwa nani?

Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi.