Ufunguo Unaponasa Kwenye Swichi ya Gari: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Ufunguo wa gari ukigoma kutoka kwenye swichi, wengi wetu hufikiri mambo mawili tu: swichi imekufa, au ufunguo umeharibika. Mara nyingi si hili wala si lile. Magari mengi yametengenezwa kwa makusudi yasiuachie ufunguo mpaka masharti fulani yatimie, na sharti moja lisipotimia gari hukataa kwa sababu limeundwa likatae. Somo hili linahusu namna ya kulitofautisha gari linalokataa kwa sababu na swichi iliyoharibika kweli. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utalipa chochote, na kama utalipa, unalipia nini.

Tuchukue mfano. Mwenye gari dogo la automatiki ametoka Handeni alfajiri, kilomita 65 hadi Korogwe, akiwa na magunia mawili ya mahindi nyuma na mama yake mzazi anayehudhuria kliniki. Amefika, amezima gari, ufunguo hautoki. Hawezi kulifunga gari na kuliacha, wala hawezi kumwacha mama aende peke yake. Fundi anayeitwa anauvuta ufunguo mara mbili, kisha anasema, "Hii swichi, mzee, tuing'oe." Saa moja baadaye swichi ya zamani imetobolewa kwa drili, nyingine imenunuliwa na kufungwa, fedha zimelipwa, na ufunguo mpya nao hautoki. Kasoro ilikuwa kwenye mkono wa gia. Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake isiyoweza kumpata msomaji wetu yeyote.

Ili kuelewa kilichotokea, ni vema kujua kwamba kile tunachokiita swichi kwa kawaida ni vitu viwili. Mbele kuna silinda inayopokea ufunguo. Ndani yake mna visahani vidogo vyenye springi, ambavyo meno ya ufunguo huvipanga sawasawa ili silinda izunguke. Nyuma yake kuna swichi yenyewe ya umeme. Vitu hivi huweza kuuzwa kimoja kimoja, na bei zake si sawa. Mlaji anayeambiwa "swichi imekufa" ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Silinda huachia ufunguo ikiwa imerudi mahali palipoandikwa LOCK tu. Ikibaki ACC, ufunguo hautoki hata uuvute namna gani. Katika gari la automatiki, silinda haiwezi kurudi LOCK mpaka mkono wa gia uwe kwenye P. Sababu yake ni ya usalama: dereva asishuke na ufunguo mfukoni akaliacha gari likiwa huru kuteremka lenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kumwita yeyote, ni kukanyaga breki, kuvuta breki ya mkono na kuusukuma mkono wa gia mbele mpaka ufike mwisho kabisa wa P. Usiridhike kwa kuutazama mkono wenyewe. Washa swichi uangalie kama taa ya P inawaka kwenye dashibodi. Isipowaka, gari halijui kwamba limeegeshwa. Huenda kuna vumbi, soda iliyomwagika au sarafu iliyotumbukia chini ya mkono wa gia, au kiswichi kidogo kilichomo humo kimechoka. Rudisha mkono hadi N, kisha uusukume tena P kwa nguvu ya kiasi, mara kadhaa. Ufunguo ukitoka baada ya hapo, umekwisha kujua ugonjwa uko wapi, na si kwenye silinda.

Jambo la pili ni usukani. Gari likiegeshwa huku tairi zimekatwa na kuegemea jiwe au ukingo wa mtaro, kufuli la usukani hubanwa, na silinda hubanwa nalo. Shika usukani, uuchezeshe taratibu kulia na kushoto huku mkono mwingine ukiuzungusha ufunguo. Mara nyingi utasikia mlio mdogo na ufunguo utalegea. Hili lifanyike gari likiwa limesimama kabisa. Kuzungusha ufunguo kuelekea LOCK wakati gari linatembea, hata polepole kwenye mteremko, kunaweza kuufunga usukani na kuliacha gari bila wa kuliongoza.

Jambo la tatu ni betri. Katika baadhi ya magari kifaa kinachoachia ufunguo hutumia umeme, na betri ikiisha kabisa ufunguo hubaki ndani. Kama taa hazikuwaki na honi hailii, busti betri kwanza, kisha ujaribu tena. Wenye magari ya manyo hawana P ya kuhangaikia, lakini baadhi ya magari hayo, hasa pikapu za zamani, humtaka dereva aukandamize ufunguo kwa ndani anapourudisha kutoka ACC kwenda LOCK. Mengine yana kitufe kidogo kando ya swichi kinachobonyezwa kwa wakati huohuo. Aliyenunua gari mkononi mwa mtu bila kuelekezwa anaweza kudhani ni ubovu, kumbe ndivyo lilivyo.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na ufunguo bado umenasa, sasa tunaweza kuishuku silinda. Vumbi ni adui mkubwa katika eneo hili. Gari linaloingia barabara za vijijini wilayani Handeni, au njia za ndani ya mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, hukusanya vumbi laini mpaka ndani ya tundu la ufunguo. Wengi hutia oili au mafuta ya kula. Ufunguo huteleza vizuri kwa siku chache, kisha mafuta yaleyale hushika vumbi na kuwa tope. Kinachofaa ni unga mkavu wa grafiti, ambao ndio huo uliomo katika kalamu ya risasi. Kusugua ncha ya kalamu kwenye meno ya ufunguo na kuuingiza na kuutoa mara kadhaa ni tiba ya bei ndogo inayostahili kujaribiwa pindi ufunguo unapoanza kuwa mzito, kabla haujanasa. Ukiwa umekwisha kunasa, usitumie koleo. Ufunguo uliochakaa hukatika shingoni, na kipande kikibaki ndani gharama huongezeka.

Uzito wa mkungu wa funguo nao una neno. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuita magari takriban milioni 2.6 kwa sababu swichi zake ziliweza kuteleza zenyewe na kuzima injini barabarani, na mifuko ya hewa ya kinga ikaacha kufanya kazi. Vifo 124 vilikubaliwa katika mpango wa fidia wa kampuni hiyo. Hadi swichi zilipobadilishwa, wenye magari hayo waliagizwa kuondoa kila kitu kwenye mkungu na kuacha ufunguo wa gari peke yake. Swichi zile zilikuwa na kasoro tangu kiwandani, lakini silinda yoyote huchakaa upesi ikibeba funguo za nyumba, za duka na za ghala kwa pamoja.

Sasa tuje kwa fundi. Fundi anayekosea kupima si lazima awe tapeli, na mafundi wengi wa maeneo yetu hufanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Hata hivyo mlaji anatakiwa kuuliza kabla drili haijashikwa: "Fundi, umejuaje kuwa ni silinda? Taa ya P umeiangalia?" Fundi aliyepima atajibu bila kukasirika. Kubalianeni bei ya kazi na ya kifaa kila moja peke yake, na umwambie mapema kwamba kifaa cha zamani utaondoka nacho. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Asiye na mashine aandike kwa mkono tarehe, jina la kifaa na kiasi kilicholipwa. Na usikubali nyaya ziunganishwe moja kwa moja ili gari liwake bila ufunguo, eti mpaka kesho. Kesho hiyo huwa mwaka, na gari la namna hiyo mwizi huliwasha kwa urahisi kama wewe.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumuuzia kifaa kilichotumika kwa jina la kipya, au kumwambia anahitaji kitu ambacho hakihitaji. Sheria hiyo humtaka pia mtoa huduma aifanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayafuti haki hizo. Vifaa bandia vina sheria yake, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Rudi kwanza kwa aliyekuhudumia ukiwa na risiti na kifaa cha zamani mkononi. Asipokusikiliza, leta malalamiko kwa maandishi pamoja na vielelezo hivyo.

Limebaki suala la kuchonga ufunguo mwingine. Ufunguo uliochongwa kwa kunakili ulioisha meno hurithi uchakavu wake, hivyo mpe mchongaji ule wa akiba ambao haujatumika sana. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana chipu ndani ya kichwa cha ufunguo. Nakala ya chuma pekee itafungua mlango lakini haitawasha injini. Muulize mchongaji kuhusu hilo kabla ya kulipa, na uujaribu ufunguo kwenye gari lenyewe, kwenye milango na kwenye swichi, yeye akiwa amesimama hapo. Silinda ikibadilishwa, ufunguo wa mlango na wa swichi hautakuwa mmoja tena, isipokuwa fundi ahamishe visahani vya silinda ya zamani kwenye mpya. Kazi hiyo ina gharama yake, nayo iandikwe kwenye risiti.