Msimu wa Kusi: Kabla ya Kung'oa Nanga, Kabla ya Kuwasha Moto

Mvuvi wa pwani na mkulima wa bara huelimishwa kila mmoja kivyake, ilhali kati ya Juni na Septemba hatari yao ni moja: upepo. Kusi, upepo utokao kusini, huchafua bahari wakati ule ule nyasi za bara zinapokauka. Kasi ya upepo ikipanda kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, msukumo wake kwenye tanga na ubavu wa chombo hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Porini, upepo huo hulaza ndimi za moto juu ya nyasi ambazo hazijaungua, huzikausha, kisha hurusha cheche ng'ambo ya barabara ya kuzuia moto. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, Kusi likivuma. Na Oktoba 2020, mwishoni mwa kiangazi, upepo ulisaidia kuusambaza moto wa Mlima Kilimanjaro kwa siku kadhaa. Hali ikishageuka, nafasi ya kuamua imekwisha. Kwa hiyo uamuzi ufanyike mapema, ufukweni na shambani.

Wapo wasemao kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kisha bahari ikatulia. Hutokea. Lakini tangazo hutaja mambo mawili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano ukiwa wa wastani, zipo siku hali hiyo haitatokea, na tangazo halikuwa uongo. Pingamizi zito zaidi ni la riziki: mvuvi asipotoka, watoto watakula nini? Hatulidharau hata kidogo, na tunaona ni wajibu wa vikundi vya wavuvi kuweka akiba kwa ajili ya siku hizo. Hata hivyo siku moja bila samaki hufidika. Chombo na nyavu vikizama, familia hukosa riziki msimu mzima, hata kama watu wameokolewa.

Mkulima naye husema moto ndio jembe lake la kwanza. Basi aombe kibali cha kijiji, achome mapema kabla nyasi hazijakauka kabisa, jioni upepo ukiwa umetulia, majirani wakiwapo. Moto ukimtoroka, asikimbie kupanda mlima wala kuelekea upande ambao upepo unaelekea, kwa maana moto hukimbia zaidi huko. Atafute eneo lililokwisha kuungua au udongo mtupu. Baharini, jaketi okozi livaliwe kabla ya kuondoka, kwani kulifunga katikati ya mawimbi ni vigumu mno. Chombo kikipinduka na bado kinaelea, kishikilieni, msiogelee kutafuta nchi kavu, kwa sababu waokoaji huona chombo upesi kuliko kichwa cha mtu. Mwachieni mtu wa nchi kavu saa ya kurudi, naye asikawie kutoa taarifa ikipita. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.