Mahindi ya Mamba na ghala la Nabii Yusuf (AS)

Katika Idd el-Fitr ya Juni 2017, akiwa Moshi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Sisi tunaonunua unga dukani tulishukuru, maana bei ilikuwa imepanda mno baada ya ukame. Lakini Mamba, kule Mpimbwe mkoani Katavi, mavuno ndiyo kwanza yalikuwa yakiingia. Je, wao walishukuru?

Bei ya mahindi Katavi, Rukwa na Ruvuma iliporomoka. Ndugu msomaji, mkulima hana mshahara. Gunia ndiyo ada ya shule, ndiyo dawa, ndiyo mbolea ya msimu ujao. Bei ikishuka kwa nusu, hupeleka sokoni gunia mbili apate pesa ya gunia moja, na hilo la pili hulitoa kwenye chakula cha watoto. Ifikapo Januari anayanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Mwenye ng'ombe atauza ng'ombe. Asiye naye atakopa gunia moja alipe mawili, na hiyo ni riba, hata kama hakuna noti iliyopita mkononi. Sharia imeweka njia ya salam: mnunuzi analipa bei yote leo, kipimo na siku ya kukabidhiwa vikijulikana. (Kipimo, si lumbesa!)

Sasa tutazame kodi. Kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ilitozwa kwa kichwa, uwe umevuna au hukuvuna. Zaka ya mazao haiko hivyo. Shamba la mvua hutoa sehemu moja ya kumi, la kumwagilia kwa gharama nusu ya hiyo, na aliyepata chini ya wasaq tano, yaani takriban kilo 650, hadaiwi kitu. Mavuno yakipungua, zaka inapungua yenyewe bila kusubiri Bunge. Na katika mwaka wa njaa ulioitwa Ramada, Sayyidna Umar (RA) aliahirisha kabisa kuikusanya.

Kwa upande wa dola, somo liko katika Surat Yusuf: miaka saba ya neema iliwekewa akiba kwa ajili ya miaka saba ya shida. Chombo cha kazi hiyo tunacho, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Kununua kwa wingi wakati wa mavuno kunamlinda mkulima, na kuuza wakati wa uhaba kunamlinda mlaji. Kufunga mpaka bila kununua ni kumtoza mkulima kodi isiyoandikwa kwenye bajeti, ili sisi wa mjini tule kwa bei nafuu.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, njia ilikuwa tofauti. Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kufidia mafuta, na mfuko wa mbolea ya DAP uliokuwa umepita shilingi 130,000 ukauzwa 70,000. Hapo mzigo ulibebwa na hazina, si na kundi moja. Hata hivyo ruzuku ya mbolea humfikia mwenye pesa mkononi. Aliyemaliza gunia zake mwezi wa saba hana.

Kamati za misikiti yetu mijini hukusanya zaka kila mwaka. Zinaweza kununua mahindi Mamba wakati wa mavuno, kwa bei ya haki, na kuyagawa huko huko kwa wanaostahiki mwezi wa kwanza.