Tunahamia Kabianga: mwanangu atasoma wapi?

*Mwalimu, nimepata kazi Kabianga. Mwanangu wa miaka 7 ana usonji na anasoma kitengo maalum cha shule ya msingi hapa Nairobi. Hasemi sana, na kelele humsumbua. Huko nitapata wapi shule?*
*Mama mwenye wasiwasi, Nairobi*

Mama, hofu yako ni kumng'oa mtoto alikozoea, na ina msingi. Mtoto mwenye usonji hushikilia ratiba, na kuhama huivuruga yote kwa siku moja. Akirudi nyuma kidogo wiki za kwanza, usidhani aliyojifunza yamepotea.

Usianze na shule. Anza na kituo cha EARC, yaani cha tathmini na rasilimali za elimu, chini ya ofisi ya elimu ya Kericho, kaunti iliko Kabianga. Vituo hivi vipo nchini tangu 1984. Ndivyo humpima mtoto na kupendekeza shule au kitengo. Beba ripoti ya awali, cheti cha kuzaliwa na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kama anayo. Omba pia barua ya mwalimu wake wa sasa: hutulizwa na nini, huombaje maji. Mimi huithamini kuliko ripoti.

Kisha zuru darasa alasiri, si asubuhi. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine ya mawe, na chini ya mabati yasiyo na dari hata mwalimu hasikiki. Uliza mtoto aliyeziba masikio hupelekwa wapi.

Akikataa chakula, akijiumiza au akipata degedege, usingoje nafasi ya shule: mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho.