Ua Linalolijua Vumbi Lake

Katika kikao chetu cha darsa tuliletewa suali na ndugu mmoja ambaye mpesheni wake wa manjano umetambaa chanja nzima, hutoa maua mengi, wala hauzai hata tunda moja. Nyumbani kwake wameshamwambia kuwa mti umetiwa jicho, na jirani mmoja keshatajwa kwa jina. Tuliona suali hili halifai kujibiwa kwa neno moja, kwani ndani yake mna heshima ya mtu. Basi tutaanza mbali, katika milima ya Kisii na Nyamira, ambako jawabu yake yaonekana wazi mashambani, kisha turudi kwetu Mwambao.

Ua na chavua yake

Kila msomaji ameliona lile vumbi la manjano lishikalo kidoleni tuguasapo ua. Hilo huitwa chavua, nalo ni upande wa kiume wa mmea. Katikati ya ua husimama kikonyo cha kike, na chini yake mna vijiyai. Chavua ikiangukia ncha ya kikonyo hicho na ikakubaliwa, hunyonya maji, huotesha mrija mwembamba ushukao mpaka kwenye vijiyai, na hapo mbegu hutungwa.

Maua mengi yana kiume na kike pamoja. Mtu angedhani kuwa ua la namna hiyo halina haja ya mwenziwe. La hasha! Wataalamu wakadiria kuwa karibu nusu ya aina za mimea itoayo maua huikataa chavua yake yenyewe.

Pareto ya milimani

Mfano ulio wazi ni pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, lipendalo baridi ya milimani. Asili yake ni Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki, na lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Sumu yake huua wadudu, na dawa nyingi za mbu tuzichomazo usiku zimeundwa kwa kuiga sumu hiyo. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza ulimwengu kwa zao hili, mpaka lilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa sehemu zake mashuhuri.

Mkulima aweza kulipasua shina moja zuri la pareto akapata miche mingi yenye sifa zile zile. Lakini akijaza shamba kwa miche ya shina hilo peke yake, maua yatachanua, ila mbegu za kuotesha atazipata chache mno, au asizipate kabisa. Sababu ni kuwa miche ile, ijapokuwa elfu, ni mmea mmoja uliogawanywa. Mdudu atokaye ua hili kwenda lile hachukui chavua ya mgeni. Achukua ile ile. Kwa hiyo watakao mbegu hupanda pamoja mashina ya asili mbali mbali.

Ua hujuaje?

Jawabu ilipatikana kwa kuchunguza jamaa ya kabeji na sukuma wiki, mboga isiyokosekana Kisii wala Mombasa. Mwaka 1999 June Nasrallah na Mikhail Nasrallah wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na mwenzao, walieleza alama iliyo juu ya chavua ya jamaa hiyo. Alama hiyo ni mfano wa ufunguo, na juu ya kikonyo cha kike mna kufuli lake. Lakini kufuli hili hufanya kinyume cha makufuli yetu: ufunguo wa nyumbani ukiingia, mlango hufungwa. Chavua hunyimwa maji, na mrija hauoti. Chavua ya mgeni, kwa kuwa ufunguo wake hauingii, huachwa ipite.

Faida yake ni nini?

Charles Darwin alifanya majaribio kwa miaka 11, akaandika mwaka 1876 kuwa aghlabu miche iliyozaliwa kwa chavua ya ua lenyewe ilikuwa mifupi na dhaifu kuliko iliyozaliwa kwa chavua ya mwingine. Tazameni kahawa. Robusta ya Bukoba na Uganda huikataa chavua yake. Arabika, ambayo ndiyo ya Kisii, huikubali. Nayo ilienea ulimwenguni kutoka Yemen kwa miche michache. Matokeo yake miti yafanana mno, na maradhi yaupatayo mmoja ni hatari kwa wote. Ugonjwa wa kuozesha buni ulioonekana Kenya mwaka 1922 umewatia wakulima hasara kubwa.

Jawabu ya ndugu yetu

Pesheni ya zambarau, ilimwayo milimani, aghlabu huikubali chavua yake. Hii ya manjano, ipendayo joto la Mwambao, huikataa. Tulimuuliza ndugu yetu kama ana mpesheni wa pili. Akasema anao, ila alioupanda ni kijiti alichokikata katika ule wa kwanza. Basi hana miwili. Ana mmoja uliosimama mahali pawili.

Dawa yake ni kupanda mwingine uliotoka kwa mbegu ya bustani nyingine, na kutowafukuza wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, kwani hao ndio wachukuzi wa chavua ya pesheni. Wasipokuja, na ahamishe chavua kwa mkono wake baada ya adhuhuri, wakati ua la manjano linapofunguka.

Na kwa jirani yule aliyetajwa, na amwendee, si kwa kumlaumu bali kwa kumwomba mbegu ya pesheni. Huenda kilichokuwa kikikosekana kimo uani kwa mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye aliyekiondoa.

Masuali ya kudurusu

1. Kwa nini shamba la pareto la shina moja halitoi mbegu za kutosha?
2. Kufuli la sukuma wiki lahitilafiana vipi na kufuli la mlango?
3. Ni hasara gani iliyoipata kahawa ya arabika kwa kufanana mno?