Makengeza kwa Mtoto Mchanga

Leo tujifunze juu ya makengeza. Mtu mwenye makengeza macho yake mawili hayatazami mahali pamoja. Jicho moja hutazama mbele. La pili hugeukia puani, au nje, au juu, au chini.

Kila jicho lina misuli 6. Misuli hiyo huligeuza jicho huku na huku. Mtoto mchanga bado hajazoea kuyaongoza macho yote mawili pamoja. Kwa hiyo macho yake huweza kupishana mara moja moja, kisha yakarudi sawa. Hilo lisikutie hofu. Kwa watoto wengi hali hiyo huisha kabla ya miezi 4.

Wapo pia watoto wenye pua pana kati ya macho. Huonekana kama wana makengeza, kumbe macho yako sawa. Ukiwa na shaka, mpeleke mtoto akapimwe.

Mpeleke mtoto zahanati ukiona haya:

1. Jicho moja limegeuka wakati wote, hata kama mtoto ni mchanga.
2. Mtoto amepita miezi 4 na macho bado yanapishana.
3. Macho yalikuwa sawa, kisha yakaanza kwenda upande.
4. Mtoto ana miezi 3 au zaidi, wala hafuati uso wa mama kwa macho.
5. Katikati ya mboni kuna weupe. Hapo usingoje. Nenda siku hiyo hiyo. Huenda ni mtoto wa jicho, au ni saratani ya jicho. Saratani hiyo huua, lakini ikiwahiwa hutibika.

Wazazi wengi hutuambia, "Akikua yatakwisha yenyewe." Makengeza ya kweli hayafai kungojwa. Jicho lililogeuka huupelekea ubongo picha tofauti. Ubongo wa mtoto huikataa picha hiyo. Jicho lisilotumiwa huwa kama jembe lililoachwa likashika kutu. Kwa nje ni zima, lakini halioni vizuri.

Tiba ipo. Wengine hupewa miwani. Wengine huzibwa jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku, ili jicho dhaifu lifanye kazi. Wengine hupasuliwa misuli ya jicho. Tiba hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 7. Zahanati itakupa barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Hospitali za KCMC, Moshi, na Muhimbili, Dar es Salaam, zina madaktari hao.

Makengeza si uchawi, wala mama hana kosa. Usimtie mtoto machoni dawa ya majani, wala maziwa, wala mkojo. Vitu hivyo huweza kumpofusha.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Macho ya mtoto mchanga yanapopishana mara moja moja, tufanye nini?
2. Kwa nini jicho zima huweza kuacha kuona?
3. Ni dalili gani isiyongoja hata siku moja?