LAINI MOJA, KOMPYUTA TANO: TUGAWANE INTANETI BILA UGOMVI

Somo la leo limetokana na swali tunaloulizwa mara nyingi tunapowatembelea: "Tumelipia intaneti ya mwezi. Je, ni lazima kila kompyuta iwe na laini yake?" Jibu ni hapana. Laini moja yatosha nyumba nzima, au ofisi nzima ya kikundi. Lakini iko kazi ya kufanya, na tukiiruka tutagombana.

Kwanza wacha tuwasimulie yaliyotupata sisi wenyewe. Hapa ofisini tulikuwa na kompyuta tano kwa laini moja. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikuwa sawa. Mwezi wa tatu mtandao ukawa mzito kama uji uliolala. Siku moja mweka hazina wetu alikaa tangu asubuhi akijaribu kutuma maombi ya kikundi cha akina mama waliotaka msaada wa kuchimba kisima. Saa ya mwisho ikapita, maombi hayajaenda. Mwaka ule kisima hakikuchimbwa. Akina mama hawakutulaumu kwa maneno, lakini sisi tulijua.

Tukakasirika, tukasema ati kampuni inatuibia. Fundi alipokuja, alizima kompyuta zote akabakisha moja, halafu akapima. Kumbe laini ilikuwa na nguvu zake zote! Kompyuta tatu zilikuwa zinajipakulia programu mpya mchana kutwa. Tena neno la siri tulikuwa tumempa kila mgeni, kwa hiyo simu za nusu ya mtaa zilikuwa zinakunywa kwetu. Kampuni haikuwa mwizi. Ni sisi ambao hatukuwa tumejifunza. Basi tujifunze pamoja.

1. LAINI MOJA HUTUMIWAJE NA WENGI?

Fikirieni sanduku la posta la shule. Walimu ishirini wanatumia sanduku moja. Barua zote zinafika kwa namba ile moja, halafu karani anazigawa: hii ya mwalimu mkuu, hii ya mwalimu wa hesabu.

Katika intaneti karani huyo anaitwa ruta. Ni kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo. Kwa nje, kampuni inaiona nyumba yenu kama mteja mmoja. Kwa ndani, ruta inaipa kila kompyuta namba yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Kompyuta ikiomba kitu, ruta inakumbuka ni nani aliyeomba, na jibu likirudi inampelekea yule yule. Namba hizi za ndani ruta huzigawa yenyewe. Ninyi hamna haja ya kuziandika.

2. VIFAA VINAVYOHITAJIKA

(a) Ruta. Mara nyingi kampuni huileta pamoja na laini. Ulizeni kabla ya kununua nyingine.
(b) Waya wa mtandao kwa kompyuta za mezani. Waya mmoja usizidi mita 100.
(c) Swichi, ikiwa matundu ya ruta hayatoshi. Hii ni kama kuongeza soketi za umeme.
(d) Waifai kwa simu na kompyuta za kubeba. Huwa tayari ndani ya ruta.

Wekeni ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu, si sakafuni nyuma ya kabati. Ukuta wa mawe hupunguza nguvu ya waifai, na mabati huizuia zaidi. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: 2.4 hufika mbali zaidi, 5 ni ya mbio lakini huishia karibu. Chumba cha mbali kitumie 2.4, au waya.

Kwa wale wa sehemu za radi nyingi, kama Kisii na Kakamega: msivute waya wa shaba hewani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Radi ikipiga, mtapoteza vyombo vyote kwa siku moja. Mvua ya radi ikianza, chomoeni.

3. HATUA ZA KUUNGANISHA

Hatua ya 1: Unganisheni laini na ruta. Ngojeni taa zitulie.
Hatua ya 2: Chomekeni kompyuta moja tu kwa waya. Pimeni mwendo, mkaandike katika daftari. Hiki ndicho kipimo chenu cha siku za ubishi.
Hatua ya 3: Ingieni katika ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake. Badilisheni neno la siri la msimamizi. Lile lililobandikwa, kila anayeshika ruta anaweza kulisoma.
Hatua ya 4: Wekeni neno la siri la waifai, lenye herufi na tarakimu 12 au zaidi. Chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP hauzuii mtu.
Hatua ya 5: Ongezeni kompyuta moja moja. Mambo yakiharibika, mtajua ni ipi iliyoleta shida.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: kikundi kinaongeza ruta ya pili ili waifai ifike mbali, na ruta zote mbili zinagawa namba. Ni kama makarani wawili wasiozungumza. Ruta ya pili izimwe kazi ya kugawa namba, ipewe anwani yake isiyofanana na ya kwanza, na iunganishwe kwa tundu la kawaida, si lile la laini.

4. TUPIGE HESABU

Tuseme mmelipia megabiti 10 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo faili la megabaiti 100 lachukua kama sekunde 80, mtu akiwa peke yake. Watu watano wakipakua faili kama hilo wakati mmoja, kila mmoja atangoja karibu dakika 7. Hakuna aliyeibiwa. Ni mfereji mmoja na mitungi mitano.

Mwenye kusoma barua hatumii mengi. Wenye kumaliza ni video, na kompyuta zinazojisasisha. Programu mpya msizikatae, kwa maana zinafunga milango ya wezi. Zipangeni usiku.

5. MAPATANO YA KIKUNDI

Mashine haimalizi ugomvi. Mapatano ndiyo yanayoumaliza. Haya ndiyo tuliyoandika sisi:

- Kazi yenye siku ya mwisho inatangulia. Anayetuma maombi anatangaza, na wengine wanafunga video.
- Mtu mmoja ndiye anayeshika neno la siri la msimamizi, na nakala iko kwa mwenyekiti katika bahasha iliyofungwa.
- Wageni wana waifai yao ya pembeni. Ruta nyingi zina nafasi hiyo, na haifiki kwenye mafaili ya kikundi.
- Mwanachama akihama, neno la siri linabadilishwa wiki ile ile.
- Pesa hukusanywa kabla ya tarehe ya kulipa, si baada ya laini kukatwa. Laini ikiwa shilingi 3,000 na watu ni watano, kila mmoja atoe 600, na mweka hazina aandike risiti.

6. JIRANI AKITAKA KUUNGANISHWA

Kugawana ndani ya nyumba au ofisi yenu ni sawa. Lakini kuwavutia majirani na kuwatoza pesa ni jambo lingine. Mikataba mingi ya laini ya nyumbani hukataza kuuza tena. Tena, kwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, anayeuza huduma hii anatakiwa awe na leseni. Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya mitandao ya jamii, kwa hiyo kikundi chenye nia hiyo kiende kikaulize mapema. Kumbukeni pia kwamba laini ina jina la mwenyewe: jirani akifanya uovu kupitia kwenu, mlango utakaobishwa kwanza ni wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani haiwezi kungoja?
2. Ni nani wanaolijua neno letu la siri leo? Wote ni wanachama?
3. Lini tulipima laini yetu mara ya mwisho?
4. Anayekosa kutoa mchango wake, tutafanyaje bila kuvunja urafiki?

Akina mama wale waliomba tena mwaka uliofuata. Siku hiyo tulifunga kompyuta nne, tukaacha moja. Maombi yalienda kwa dakika mbili. Leo wanateka maji karibu na nyumbani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkishajadiliana, tuandikieni mtueleze mlivyopatana.